Nauli ya mwisho wa reli: kilo, saa na tiketi ya ndege Kigoma

Sisi tunaokata tiketi hapa Kigoma tuna maswali mawili yanayoturudia kila wiki. La kwanza, mbona nauli ya Dar es Salaam hadi huku mara nyingi inazidi ya Dar hadi Mwanza? La pili, imekuwaje mtu na jirani yake wa kiti wamelipa bei mbili tofauti kwenye ndege moja? Majibu yapo, na anayeyajua hupunguza gharama za safari bila kumbembeleza mtu.

Tuanze na umbali na viti. Kwa mstari ulionyooka, Dar hadi Mwanza ni takriban kilomita 850, Dar hadi Tabora 730, na Dar hadi Kigoma karibu 1,080. Kwa miaka mingi njia ya Kigoma imekuwa ya ndege za pangaboi: ATR 72 yenye viti kama 70, au Q400, ile ambayo watu wote wanaiita Bombardier, ambayo kwa Air Tanzania ina viti 76. Mwanza inapokea pia Airbus A220 yenye viti 132. Rubani, fundi, bima na tozo za kutua hulipwa ndege ikiwa imejaa au ina watu kumi. Gharama hizo zikigawanywa kwa viti 76 badala ya 132, na safari yenyewe ikiwa ndefu zaidi, kila kiti kinabeba mzigo mkubwa.

Kuna sababu nyingine ambayo abiria haioni, nayo ni uzito. Kiwanja chetu kipo zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, maana ziwa lenyewe lipo mita 773. Cha Tabora kipo karibu mita 1,200. Kadiri unavyopanda juu, na kadiri joto linavyoongezeka, hewa inakuwa nyepesi. Bawa linapata nguvu kidogo ya kunyanyua na injini inapumua hewa haba. Ndege ileile inayoondoka Dar na mzigo wake wote, saa nane mchana ya Oktoba pale Tabora inaweza kulazimika kupunguza kilo. Ongeza suala la mafuta. Q400 inakula takriban tani moja kwa saa, na Dar hadi Kigoma ni kama saa moja na dakika arobaini na tano. Kampuni ikiona mafuta ya mwisho wa safari ni ghali au hayana uhakika, inabeba ya kurudia kutoka Dar. Hapo ndege inatua kwetu ikiwa na karibu tani mbili ambazo hazilipi nauli, wakati mtu mmoja pamoja na mizigo yake huhesabiwa kwenye kilo 100 hivi. Uzito huo unakula kwanza nafasi ya mizigo, kisha viti. Ndiyo maana kuna siku unafika salama na begi lako linakuja na ndege ya kesho.

Halafu kuna dola. Kukodi ndege, kununua vipuri, kulipa bima na kufanya matengenezo makubwa, yote hulipwa kwa dola, lakini nauli ya ndani tunalipa kwa shilingi. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,600. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Hata kama hakuna aliyeongeza faida, tiketi ingepanda tu.

Mwaka huohuo wa 2012 ndio uliobadilisha fikra za Watanzania kuhusu ndege. Novemba, Fastjet ilianza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, na tangazo lake lilitaja nauli ya kuanzia shilingi 32,000. Mtu aliyezoea basi akajiuliza kwa nini asipande ndege. Lakini 32,000 ile haikuwa na kodi wala tozo za kiwanja, mzigo wa chini ulilipiwa kando, na viti vya bei hiyo vilikuwa vichache, kwa waliowahi mapema. Kampuni ile ilisimamisha safari zake nchini mwishoni mwa 2018. Kilichobaki ni desturi iliyoenea: bei ya tangazo ni sehemu tu ya bei ya safari. Ukiulizia nauli leo, uliza jumla yake pamoja na kodi, tozo na begi moja la chini. Tofauti ya kampuni mbili ikionekana kubwa kwenye tangazo, mara nyingi inayeyuka ukishajumlisha begi.

Upande wa serikali, Q400 mbili zilizopokelewa Septemba 2016 ndizo zilizoanza kuifufua Air Tanzania, kampuni iliyoundwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways. Kwa mikoa ya magharibi hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu njia ikibaki na mwenye ndege mmoja, bei hupangwa na huyo mmoja. Wakiwa wawili, hata ukipanda wa pili kwa nadra, uwepo wake unashusha nauli ya wa kwanza.

Sasa lile swali la jirani wa kiti. Nauli za ndege moja zimegawanywa katika makundi, kila kundi na idadi yake ya viti na masharti yake. Kundi la chini likiisha, mfumo unapanda la juu yake. Hakuna anayekuonea. Lakini hapa ipo hila halali ambayo watu wengi hawaijui. Tuseme mpo wanne mnakwenda harusini Dar, na kundi la bei nafuu limebakiwa na viti viwili. Mkitafuta tiketi nne kwa pamoja, mfumo mara nyingi hutafuta kundi lenye viti vinne, hivyo wote wanne mnapewa bei ya juu. Tafuta kwanza kwa mtu mmoja, kisha kwa wawili, kisha watatu, ukiandika bei kila mara. Bei ikiruka kati ya wawili na watatu, kata mbili kwa bei ya chini na mbili kwa ile ya juu. Hasara yake ni kwamba mtakuwa na namba mbili za safari, yaani kila wawili na namba yao ya kushikia nafasi, na ndege ikibadilishwa ratiba lazima mfuatilie zote mbili. Kama katika msafara yupo mtoto au mzee anayehitaji kusaidiwa, mwekeni kwenye namba moja na anayemsaidia.

Kulipa siku hizi ni kazi ya dakika tano. Unachagua safari, unaandika majina, unapewa namba ya safari yenye jumla ya herufi na tarakimu sita, pamoja na kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu. Yapo makosa matatu yanayoharibu. Muda wa kulipia ukipita, nafasi inafutwa, na ukirudi bei huenda imepanda. Usishike nafasi kabla pesa haijaingia kwenye simu. Kosa la pili ni kulipa na kudhani kazi imeisha. Namba ya safari siyo tiketi. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, na isipoonekana kwenye ujumbe au barua pepe yako, pesa inaweza kuwa imefika lakini tiketi haijatolewa. Piga simu siku hiyohiyo, usisubiri siku ya safari. La tatu ni namba ya simu: wakala akiandika yake badala ya yako, taarifa za kubadilika kwa ratiba zinaishia kwake, nawe unafika kiwanjani Katubuka asubuhi kumbe ndege imesogezwa mchana.

Zamani tiketi ilikuwa kijitabu chenye kurasa za kaboni, na ukikipoteza umepoteza pesa. Juni 2008 mashirika wanachama wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, waliachana na tiketi za karatasi duniani kote. Ni nafuu kubwa, lakini kazi iliyofanywa na karani dirishani, ya kusoma jina, tarehe na saa kwa sauti mbele yako, sasa ni yako mwenyewe.

Na saa ndiyo inayowaumiza watu wa kwetu kuliko kitu kingine chochote. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu, kuanzia 00:00 hadi 23:59. Mtu anaona 06:40, anasoma saa sita na dakika arobaini, anakuja kiwanjani mchana. Ndege iliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Kanuni ni moja: toa sita; ikiwa namba haifiki sita au ni sita yenyewe, ongeza sita; ikiwa ni kumi na tisa au zaidi, toa kumi na nane. 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana, 18:15 ukitoa sita unapata kumi na mbili na robo jioni. Safari ya baada ya usiku wa manane ni hatari zaidi. Tiketi inayosema tarehe 10, saa 01:30, inataka uwe kiwanjani usiku wa tarehe 9. Anayekukatia tiketi mwombe aandike saa ya Kiswahili pembeni kwa kalamu, pamoja na jina la siku.

Jina nalo lifanane na kitambulisho, herufi kwa herufi. Huku majina hubadilika njiani: mtu ni Ramadhani kwenye kitambulisho cha NIDA, Ramadhan kwenye pasi ya kusafiria, na mtaani anaitwa jina la baba. Kwa safari ya ndani tumia kitambulisho utakachokibeba siku hiyo. Kwa safari ya nje ni pasi tu. Herufi moja iliyokosewa hurekebishwa kirahisi kabla ya siku ya safari, lakini kubadilisha jina zima kuwa la mtu mwingine haiwezekani; tiketi haiuziki wala hairithiwi. Mtoto beba cheti chake cha kuzaliwa. Chini ya miaka 2 anapakatwa na kulipiwa sehemu ndogo ya nauli, ila akitimiza miaka 2 kabla ya tarehe ya kurudi, wakati wa kurudi anahitaji kiti.

Mizigo sasa, maana hakuna mtu wa Kigoma anayekwenda Dar mikono mitupu. Kwa kawaida unaruhusiwa kilo 23 chini na 7 mkononi, lakini soma kwenye tiketi yako, kwa kuwa nauli nyingine za chini kabisa zina masharti yake. Lita moja ya mawese ina uzito wa kama kilo 0.9, hivyo dumu la lita 20 ni kilo 18, na dumu lenyewe kama kilo moja. Limeingia kwenye 23. Asali ya Tabora ni kitu kingine. Lita moja ni karibu kilo 1.4, dumu la lita 20 ni kilo 28 bila kuhesabu dumu. Wengi wamefika mbele ya mizani ya kiwanja cha Tabora na dumu moja tu, wakijua wamebeba kidogo, wakajikuta wanalipia kilo tano na zaidi. Gawanya asali kwenye madumu ya lita 5, kila moja kilo 7, mawili au matatu kwa mtu. Na usifikirie kuongeza juu ya kilo 32 kwa fungu moja hata ukilipia. Hapo ni afya ya wapakiaji, na wana haki ya kukataa.

Kumwagika kwa mawese kunatokana na hewa. Ndani ya ndege, na kwenye chumba cha mizigo pia, hewa huachwa ipungue hadi kufanana na ile ya mlimani, kwenye mita 2,400 hivi. Hewa uliyoifungia Kigoma, ikifika huko, inataka kutanuka kwa karibu sehemu moja ya tano. Chupa ngumu isiyotanuka inatafuta njia kwenye kifuniko, na mafuta yanafuata. Chagua chombo cha plastiki laini, jaza hadi karibu na shingo, kibane kidogo kwa mikono utoe hewa, ndipo ufunge huku umekibana. Kifuniko kizungushie utepe. Weka chombo ndani ya kifungashio kinachokubalika, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kisha ndani ya ndoo yenye kifuniko au boksi gumu. Ulizia kampuni kabla ya siku, maana zipo zinazokataa mafuta ya kula kabisa baada ya kuchafuliwa mizigo ya wengine. Dagaa na migebuka iliyokaushwa vizuri haina shida ikifungwa mara mbili isitoe harufu. Samaki wabichi wenye barafu usijaribu kuwatia kwenye begi la nguo. Barafu itayeyuka juu ya mali ya mwenzako. Mzigo wa biashara, wa kilo mia na kuendelea, upeleke kwa treni au basi.

Begi la mkononi kwenye pangaboi lina mtego wake. Makabati ya juu ni madogo, hivyo stroli inayoingia vizuri kwenye ndege kubwa huchukuliwa chini ya ngazi na kupelekwa na mizigo mingine. Kabla ya kuitoa, chomoa pawabenki. Betri hizo hazitakiwi kukaa chumba cha mizigo kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuzima. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Kupata hesabu yake, zidisha namba ya mAh iliyoandikwa kwenye pawabenki kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: ya 20,000 inatoa 74, inaruhusiwa, ya 30,000 inatoa 111, na hiyo inahitaji ruhusa ya kampuni. Ikiwa maandishi yamefutika, maofisa wa ukaguzi wanaweza kuichukua.

Ukipangiwa kiti cha nyuma na mhudumu akakuomba uhamie mbele, au kinyume chake, kubali mara moja. Ndege ndogo yenye abiria wachache lazima isawazishwe ndipo iruke.

Kwa wagonjwa wa rufaa, tafadhali msikate tiketi kwanza na kuuliza baadaye. Ile hewa haba ya ndani ya ndege inamgusa mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye shida ya mapafu, na aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo siku chache zilizopita, kwa kuwa hewa iliyobaki tumboni inatanuka kama ile ya chupa ya mawese. Mguu uliofungwa bandeji gumu ndani ya saa 48 unaweza kuvimba na kubanwa. Daktari hulipasua bandeji hilo kwa urefu kabla ya safari. Kuna fomu ya kampuni ambayo daktari anaijaza, na kujibiwa kwake huchukua siku. Machela hula safu kadhaa za viti, na si kila ndege inaweza kuyachukua. Mjamzito aliyepita wiki 28 aombe barua ya daktari yenye tarehe ya karibuni.

Kuhusu kuahirishwa. Kigoma tupo magharibi kiasi kwamba jua letu huzama karibu dakika 40 baada ya la Dar, hata hivyo kwa miaka mingi viwanja vya Kigoma na Tabora havikuwa na taa za kuongozea ndege usiku. Ndege iliyochelewa kuondoka Dar alasiri ilikuwa inafutwa, maana isingeruka kurudi kabla ya giza. Mvua za kuanzia Novemba nazo huja na radi mchana na jioni. Ukiwa na shughuli isiyosubiri, kesi mahakamani, usaili, kliniki, chukua ndege ya asubuhi. Na kwa kuwa ndege za mikoani ni chache, moja ikienda matengenezo Dar, pengo lake linaonekana huku. Mwaka 2022 matatizo ya injini za Pratt & Whitney yalilazimisha baadhi ya Airbus A220 za Air Tanzania kukaa chini, na ratiba ya nchi nzima ikabanwa.

Tiketi usiyoitumia ibadilishe kabla ndege haijaondoka. Adhabu ya kubadilisha huwa ndogo kuliko ya kutotokea, na nauli za chini zisizorudishwa mara nyingi huacha angalau kodi na tozo zidaiwe. Watu huziacha kwa kutojua.

Anayeunganisha kwenda Jeddah, Dubai au kwingine awe makini zaidi. Tiketi moja inayotoka Kigoma hadi mwisho huilazimu kampuni iliyoitoa ikubebe hata ndege ya kwanza ikichelewa. Tiketi mbili tofauti, ukikosa ya pili, hasara ni yako. Kama ni mbili, lala Dar usiku mmoja. Gharama ya gesti ni ndogo mno mbele ya tiketi mpya ya nje. Tangu 2019 safari za nje zinaondokea jengo la tatu la kiwanja cha Julius Nyerere na za ndani zinashukia la pili, hivyo weka muda wa kuchukua begi, kuhama jengo na kuanza ukaguzi upya, saa tatu kabla ya kuruka.

Kwa wa Tabora hesabu imebadilika tena. Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar, na kutoka hapo kuna basi la kupitia Manyoni na Itigi. Mwenye siku nzima na mizigo mingi anaokoa. Kwa Kigoma, hadi kipande cha reli mpya kutoka Tabora kikamilike, kulinganisha bado ni kati ya ndege na usiku mbili za treni ya zamani. Mfanyabiashara anayepoteza siku nne za duka kwenda na kurudi azihesabu siku hizo kama sehemu ya nauli.

Mzigo ukipokelewa, soma kibandiko kabla haujapita kwenye mkanda. TKQ ni Kigoma, TBO ni Tabora. Kipande unachopewa kitunze hadi ufike nyumbani. Begi lisipotokea, usitoke nje ya ukumbi kabla ya kujaza fomu ya mzigo uliopotea na kupewa nakala yenye namba. Kwa safari za kimataifa, mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21 kwa lililochelewa, kuanzia siku uliyolipokea. Piga picha begi likiwa wazi kabla ya kulifunga nyumbani, na risiti za vitu vya thamani zihifadhi kwenye simu. Kampuni ikikaa kimya, peleka nakala hizo TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, au kwenye baraza la watumiaji wa usafiri wa anga, ukiambatanisha namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13.